Maji mafu ya Februari: Diani, Shimoni na Kisite kwa wanaoanza snokeli

Safari hii ilipangwa kwa kuutazama mwezi kwanza, tiketi baadaye. Kundini kulikuwa na watu wanne ambao hawajawahi kutia uso baharini wakiwa na snokeli, yaani miwani inayofunika macho na pua, na mrija wa kupumulia, na kwa mtu wa namna hiyo la kwanza kuamua si hoteli wala mashua. Ni maji.

Pwani ya Kenya maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila kukicha saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi, pengine zaidi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na maji yote hayo hupita kwenye milango ya mwamba kwa kasi. Tena bamvua ya huku ina ubaya mwingine: maji hupwa saa nne au tano asubuhi, wakati uleule ambao watalii wengi wanataka kuingia. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa asubuhi, mkondo ni mpole, na jua liko juu ya kutosha kumulika chini. Tukatafuta nusu mwezi ya Februari, kwa kuwa kaskazi ya mwishomwisho huwa na bahari tulivu na maji meupe. Ukingoja hadi Aprili, masika hushusha matope ya mito na kusi huanza kuivuruga bahari; unaweza kulipa kila kitu ukaishia kutazama ukungu.

Maelezo haya yametoka kwenye daftari na saa zilizo kwenye picha za simu. Bei ni tulizolipa sisi. Uliza upya kabla hujafungua pochi.

Alhamisi: Nairobi, Miritini, Diani

Treni ya saa mbili asubuhi kutoka Syokimau, daraja la kawaida, shilingi 1,500 kwa kila mtu. Tiketi zilikatwa mapema kwa *639#, maana za mwisho wa wiki huisha haraka. Mafuta ya kujikinga na jua yawe ya kupaka. Kopo la kupuliza lenye gesi linaweza kukwama kwenye ukaguzi wa mizigo. Kati ya Mtito Andei na Mariakani hakuna la kuandika zaidi ya vumbi jekundu na usingizi.

Ukishuka Miritini, kituo cha treni cha Mombasa, una njia mbili za kwenda kusini. Ya zamani ni matatu hadi mjini, kisha feri ya Likoni, ambayo mwenda kwa miguu halipi, kisha matatu nyingine hadi Ukunda, mji wa kuingilia Diani. Ni rahisi mfukoni, lakini ukiwa na mabegi ya mapezi (viatu vipana vya kuogelea) utapigwa na jua na kusukumwa. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, inayopita juu ya madaraja na kukutoa moja kwa moja kwenye barabara ya Lunga Lunga bila kugusa feri. Gari la watu sita lilitaka 6,000, tukakubaliana 4,500. Dereva alipojua tunakoelekea alisimamisha gari Ukunda, akampigia ndugu yake Shimoni kuuliza upepo. Jibu likawa: asubuhi shwari, baada ya saa nane unaamka. Taarifa hiyo ilitufaa kuliko programu yoyote ya hali ya hewa iliyokuwa kwenye simu zetu.

Kabla ya kuingia Diani tulinunua dukani shampuu ya watoto, dawa nyeupe ya meno (isiwe ya jeli), siki, na dawa ya kichefuchefu kwenye duka la dawa. Vyote havikufika 1,500.

Jioni, barazani, miwani zilitolewa. Ukiwa na pesa za kununua kifaa kimoja tu, nunua miwani; mrija na mapezi kodi. Nyuso hazifanani, na miwani ya kukodi iliyomkaa vizuri mwenzako inaweza kukuvujia wewe kutwa nzima. Chagua ya kioo kigumu, si plastiki, yenye ukingo wa silikoni laini unaokunjika kwa kidole. Ziko za kati ya 2,500 na 4,000 Nairobi, na zinatosha.

Namna ya kuipima: iweke usoni bila kuvuta mkanda nyuma, vuta pumzi kidogo kwa pua, achilia mikono, inamisha uso chini. Ikishika kwa sekunde tano bila kudondoka wala kufyonza hewa pembeni, hiyo ni yako. Ikidondoka, usijidanganye kwamba mkanda utaikaza. Mkanda ni wa kuizuia isipotee. Linalozuia maji ni ule ukingo. Kuukaza sana hukunja silikoni na kufungua mlango wa maji, na jioni utabaki na alama nyekundu usoni. Mkanda ukae pale kichwa kilipo kipana zaidi nyuma, juu ya masikio.

Wawili walifaulu mara moja. Wa tatu alikuwa na masharubu mazito, na hewa ilipita chini ya pua kama maji kwenye chujio. Dawa yake ni wembe: ondoa kamba nyembamba ya nywele palepale ambapo silikoni inagusa mdomo wa juu, yaliyobaki yaache. Wa nne alijifunga kilemba cha kuogelea, na ncha ya kitambaa ilikuwa imeingia chini ya ukingo kwenye paji la uso. Kitambaa, nywele, hata kamba ya hereni, kimoja tu kikipita chini ya silikoni maji yatakifuata.

Miwani mipya hutoka kiwandani na utando mwembamba juu ya kioo. Usipouondoa, kioo kitaingia ukungu hata uteme mate ya siku nzima. Paka dawa nyeupe ya meno ndani ya kioo, sugua kwa kidole dakika mbili tatu, suuza, rudia. Tulifanya hivyo usiku huo kwa miwani zote mpya.

Ijumaa: kidimbwi, kisha bahari ya Diani

Watu wengi huanzia kwenye mashua. Wanavishwa vifaa wasivyovizoea, wanatupwa kwenye maji ya mita nne, halafu mtu akishtuka anasema bahari haimfai. Ijumaa yote tuliitenga kwa kuzoea mahali ambapo miguu inafika chini.

Saa mbili asubuhi, kidimbwi cha nyumba tuliyofikia, maji ya kiunoni. Miwani peke yake kwanza. Tone la shampuu iliyochanganywa na maji, pakaza ndani ya kioo kuzuia ukungu, suuza haraka mara moja, vaa papo hapo. Kisha kutia uso majini na kutoa hewa taratibu. Ubongo unapenda kufunga pumzi uso ukilowa, na hilo ndilo la kwanza la kushinda.

Halafu mrija. Kipande cha mdomoni kikae kati ya midomo na ufizi, meno yashike vile vijiti viwili bila kung'ata kwa nguvu. Anayeng'ata huumwa taya baada ya robo saa. Mrija ufungwe kwenye mkanda upande wa kushoto na usimame wima unapotazama chini na mbele kidogo. Ukiinamisha kidevu kifuani, ncha yake inazama.

Kupumua ni pole na kwa kina: vuta kwa hesabu ya tatu, toa kwa hesabu ya nne au tano. Sababu si utulivu tu. Mrija una urefu wa sentimita 35 hadi 40, na hewa uliyoitoa hubaki ndani yake. Anayepumua haraka na juu juu anavuta hewa ileile chakavu, kichwa kinauma, anahisi anakosa pumzi, anapumua haraka zaidi. Hapo ndipo hofu inapozaliwa, wala hakuna kilichoharibika. Wengine hudhani mrija mrefu zaidi utasaidia. Hautasaidia: unaongeza hewa chakavu, na kifua kikiwa chini zaidi, maji hukibana hadi kisiweze kuvuta.

Maji yakiingia kwenye mrija, na yataingia, usitoe kichwa. Puliza mara moja kwa nguvu, "tu!", kisha vuta hewa kidogo kwa tahadhari, maana kuna matone yanayobaki, kisha puliza tena. Zoezi: zamisha kichwa makusudi mrija ujae, inuka, puliza. Kila mmoja alirudia mpaka alipoacha kukohoa. Miwani ikiingia maji, bonyeza ukingo wa juu kwenye paji la uso, tazama juu kidogo, toa hewa kwa pua. Maji yanatokea chini. Anayejua mambo haya mawili hana sababu ya kuogopa.

Mapezi yaliachwa mwisho. Yavaliwe ukiwa umekaa majini, na ukilazimika kutembea nayo tembea kinyumenyume. Teke litoke kwenye nyonga, goti limekunjwa kidogo tu, na pezi lisitoke juu ya maji. Anayepiga teke la baiskeli huchoka na hasogei. Pezi likibana kidole gumba, litaleta mkakamao wa msuli. Afadhali kubwa kidogo pamoja na soksi nyepesi.

Saa nne na nusu maji yakawa yamejaa, tukashuka ufukweni. Mwamba wa Diani uko mbali na pwani, na kati yake kuna bwawa pana la maji tulivu lenye mchanga, majani ya bahari na vijiwe vya matumbawe. Viatu vya mpira ni lazima hapa, kwa sababu ya wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama sindano, wanaojificha kwenye majani. Kanuni tuliyoifuata ni fupi: maji yakifika mapajani, lala juu yake uelee, usitembee tena.

Tulichokiona kilitosha kwa siku ya kwanza: viti vya pweza (wale wenye umbo la nyota) vyekundu vyenye vinundu, jongoo bahari, kundi la samaki tasi wakila majani, na mkunga mdogo, samaki mrefu kama nyoka, aliyetoa kichwa kwenye tundu akifungua na kufunga mdomo. Haoneshi hasira, anapumua hivyo. Ukimtia kidole ndipo utakapoiona hasira.

Vijana wa ufukweni walitupa bei ya mashua yenye sakafu ya kioo, na mmoja, tuliposema leo tunajifunza tu, akatuonesha bila malipo mahali penye mchanga mtupu wa kuingilia, hatua mia moja kaskazini ya tulipokuwa. Ukipata msaada wa aina hiyo, nunua hata dafu. Ni shilingi 100.

Kando kidogo, kuhusu barakoa zinazofunika uso mzima. Zinavutia wanaoanza kwa kuwa unapumua kwa pua. Za bei rahisi zina vali dhaifu, hewa chakavu hukusanyika ndani, na maji yakiingia huwezi kuyapuliza. Ni lazima uvue kitu kizima. Isitoshe huwezi kubana pua ili kusawazisha masikio. Sisi hatukuzitumia na hatuzipendekezi.

Na mavazi: mikono mirefu ya kubana na suruali ya kubana. Mgongo, shingo na nyuma ya magoti ndivyo vinavyotazama jua saa nzima bila wewe kujua. Baibui ya kuogelea inafaa kabisa. Dera na kanga havifai. Vinajaa maji na kujizungusha kwenye miguu. Mafuta ya jua, yenye zinki badala ya oksibenzoni, ambayo inadhuru matumbawe, yapakwe nusu saa kabla ya kuingia, na yasifike karibu na ukingo wa miwani. Yakiingia kwenye macho siku imekwisha.

Jumamosi: Shimoni na Kisite

Kuamka saa kumi na moja. Chai ya rangi yenye tangawizi, ndizi, hamri moja. Mahamri na mbaazi za nazi zilikuwepo na zilinukia, lakini mafuta mengi na mashua havipatani. Dawa ya kichefuchefu inamezwa saa moja kabla ya kupanda chombo. Ukianza kutapika ndipo uimeze, umechelewa.

Matatu ya Lunga Lunga kutoka Ukunda, shilingi 200 hadi Kanana, ikipita Gazi, Msambweni na Ramisi. Kanana unashuka na kuchukua boda au gari dogo kuingia Shimoni, 200 nyingine. Saa moja na nusu tulikuwa gatini.

Kiingilio cha hifadhi ya bahari hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo ya serikali, si kwa pesa taslimu. Lipa usiku uliotangulia. Tuliacha cha mmoja wetu hadi asubuhi, mtandao ukawa unakuja na kuondoka. Mama muuza chai pale kando akatoa simu yake, akatuwashia intaneti, akakataa kulipwa. Tulikunywa chai yake mara mbili.

Mashua ya watu kumi, pamoja na vifaa vya ziada na chakula cha mchana kisiwani Wasini, ilikuwa 4,500 kwa kila mtu, kiingilio kando. Kabla ya kulipa, mwombe nahodha akuoneshe jaketi za kuokolea maisha moja moja, uzihesabu na ufunge moja mwilini. Tazama kama kuna kivuli, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza. Kisha uliza kuhusu ngazi. Watu hawaulizi ngazi. Kupanda mashua kutoka majini bila ngazi kunataka mikono ya baharia, na mtu aliyechoka hawezi. Mashua ya kwanza tuliyooneshwa ilikuwa nzuri na rahisi, ila haikuwa na ngazi, tukaiacha.

Mkondo kati ya Shimoni na Wasini unajulikana, na hata siku za maji mafu unauona ukikunja uso wa bahari. Kaa upande wa nyuma wa mashua, tazama upeo wa macho, usichezee simu. Nje ya Wasini pomboo walijitokeza, saba au wanane. Nahodha alipunguza mashine na kukaa pembeni bila kuwakatia njia, nao wakapita upande wetu wenyewe. Mashua nyingine ilikimbia kuwafuata na hao wakazama. Usimlipe nahodha zaidi ili afukuze pomboo, na usiruke majini juu yao.

Hifadhi ya Kisite-Mpunguti ina visiwa vinne vidogo: Kisite, Mpunguti ya Juu, Mpunguti ya Chini na Liwe la Jahazi. Kisite penyewe ni jiwe tambarare lenye ndege wengi na mwamba mzuri kuuzunguka. Mashua hufungwa kwenye boya. Nanga haitupwi juu ya matumbawe.

Saa nne kasorobo, kabla mtu hajalowa, tuliutazama mkondo. Mashua iliyofungwa kwenye boya huelekeza pua yake kule mkondo au upepo unakotokea, na ukichungulia chini utaona matumbawe laini yamelalia upande gani. Anza kuogelea kuelekea unakotoka mkondo, ukiwa na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume kwenye mashua. Wanaoanza hufanya kinyume: wanaserereka na maji kwa raha dakika 20, kisha wanageuka na kukuta mashua haikaribii. Ikikupata hiyo, usishindane nao. Elea, kata kwa ubavu, inua mkono. Ishara tulizokubaliana zilikuwa mbili: mkono mmoja kugusa utosi ni "niko salama", mkono unaopepea ni "njooni".

Kuingia: kaa kwenye ngazi, vaa miwani na mrija ukiwa juu, shuka, mapezi upewe ukiwa majini umeshika kamba. Dakika tano za mwanzo hakuna kwenda popote. Shika boya la duara la kiongozi, uso chini, pumua. Jaketi la kawaida la sponji husukumwa juu hadi kidevuni ukilala kifudifudi, kwa hiyo kaza mikanda ya pembeni, na kama una kamba ya kupita kati ya mapaja ifunge. Asiyejua kuogelea asiingie bila jaketi na bila kiongozi aliyeshika boya. Mwenye maradhi ya moyo, kifafa au pumu isiyotulia amwone daktari kabla ya kukata tiketi.

Chini yetu palikuwa na mita mbili hadi nne. Watu hudhani kina kirefu ndicho kizuri. Rangi nyekundu humezwa na maji katika mita chache za kwanza, hivyo matumbawe ya juu ndiyo yenye rangi kamili, na mwenye mrija ameketi mahali pazuri kuliko mzamiaji. Kinachoharibu ni haraka. Ukipiga mapezi unavuka samaki wote wakiwa wamejificha. Chagua jiwe moja, acha kupiga teke, hesabu dakika mbili. Kwanza hurudi wale wadogo wa buluu, kisha samaki kipepeo wawili wawili, kisha pono. Pono utamsikia kabla hujamwona: anavunja matumbawe kwa mdomo, kra, kra, na sauti inafika masikioni waziwazi, dakika moja baadaye anatoa wingu jeupe nyuma. Huo ni mchanga. Sehemu ya mchanga mweupe wa fukwe zetu imepita kwenye tumbo lake.

Tuliona pia chewa aliyejibanza chini ya jiwe, taa (samaki bapa mwenye mkia mrefu) mwenye madoa ya buluu, na kasa akila, akapanda kupumua mita tatu kutoka kwetu. Kwa kasa, kaa ubavuni, si juu yake; ukimziba njia ya kupanda unamnyima hewa.

Matatizo ya siku hiyo yalikuwa ya kawaida. Ukungu kwenye kioo kwa aliyeivua miwani na kuiweka kwenye paji la uso (joto la paji ndilo linaloleta ukungu, ishushe shingoni). Mkakamao wa shavu la mguu: geuka chali, shika ncha ya pezi, vuta kuelekea kwako huku goti limenyooka, msuli unaachia. Wimbi lililomwaga maji kwenye mrija: "tu!", akaendelea. Na ubaridi. Bahari ya Februari ni nyuzi 28 hivi, lakini baada ya dakika 40 mwili uliokaa bila kusogea huanza kutetemeka. Ukianza kutetemeka toka, kunywa kitu cha moto, ingia tena baadaye.

Usisimame juu ya matumbawe hata kurekebisha miwani. Joto la bahari la mwaka 1998 liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani hii, na yanayoota upya hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka. Pezi moja likivunja tawi, limefuta kazi ya miaka. Ganda na kombe viache hukohuko. Mkate wa kulisha samaki uache gatini.

Saa nane tulikuwa Wasini tukila kaa wa kuchemsha kwa ndimu, samaki wa kupaka, wali wa nazi, na mwani wa kukaanga ambao waliokunja uso ndio walioomba sahani ya pili. Upepo uliamka saa nane na nusu, kama ndugu wa dereva alivyosema.

Jumapili: Wasini na Mpunguti

Tulilala kisiwani, nyumba ya wageni, 2,000 kwa mtu pamoja na kifungua kinywa. Wasini haina magari. Asubuhi kuna njia ya mbao inayosimamiwa na kina mama wa kisiwa, ikipita katikati ya miamba ya matumbawe ya kale na mikoko. Ada ni ndogo na inabaki kijijini. Vaa kwa staha ukipita mitaani, mavazi ya kuogelea yabaki kwenye mashua.

Maji yalijaa karibu na saa saba, tukaingia upande wa Mpunguti saa tano. Siku ya pili hii ndiyo ya kujaribu kuzama kidogo, kwa anayeogelea vizuri. Bana pua, puliza polepole hadi masikio yafanye "pwa", fanya hivyo kila nusu mita, kabla hayajauma. Yakigoma, panda, mwenye mafua asijaribu. Na usipumue haraka haraka mara nyingi kabla ya kuzama ukidhani unajaza hewa. Unaondoa kabonidioksaidi, ambayo ndiyo inayokwambia uvute pumzi, na mtu anaweza kuzimia chini bila kuhisi chochote. Pumzi mbili za kawaida zatosha, na mwenzako abaki juu akikutazama.

Mmoja alikwaruzwa goti. Kidonda cha matumbawe ni kidogo kwa kuangalia na kibaya kwa kupona: kioshe kwa maji safi na sabuni nyingi, sugua taratibu hadi chembe zitoke, paka dawa ya kuua vijidudu, kiache kikavu. Miiba ya wale wanyama weusi usiipondeponde kwa jiwe. Loweka mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, toa inayoonekana, siki husaidia iliyobaki. Aliyechomwa na samaki-jiwe aloweshwe kwenye maji ya moto hivyohivyo, yasimwunguze, na apelekwe hospitali bila kusubiri kuona.

Jumatatu: kurudi

Mashua ya abiria hadi Shimoni, boda hadi Kanana, kisha gari letu lilelile hadi Miritini kwa treni ya saa tisa. Kabla ya kuondoka Wasini kila kifaa kililowekwa kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na kukaushwa kivulini, maana jua hukausha silikoni ikapasuka. Miwani isikunjwe chini ya mzigo. Ukingo ukipinda siku mbili, unabaki umepinda. Masikio yakihisi maji, inamisha kichwa upande huo na uvute ndewe, usitie pamba ya kijiti.

Ukiondoa treni, gharama ya mtu mmoja, chakula na malazi yote ndani, ilifika shilingi 19,000 na kitu, na kiingilio cha hifadhi juu yake. Penye kubana matumizi ni malazi ya Diani na gari la Miritini. Kwenye mashua usibane.